Wavu Wenye Matundu Makubwa Kuliko Samaki

Usiku wa giza, mtu akisimama ufukweni Kashikishi anaweza kudhani kuna mji umejengwa juu ya maji. Ni taa za wavuvi wa chisense, dagaa wa Ziwa Mweru, mfupi kuliko kidole cha mtu mzima, ambaye hawezi kuuona mwanga akaupita. Zamani taa ilikuwa karabai. Siku hizi ni balbu ndogo za betri. Wavu hushushwa chini ya mwanga, watu wakasubiri bila kelele, kisha ukainuliwa pembe zote kwa pamoja. Matundu yake ni madogo kiasi kwamba wengine hawajisumbui kununua wavu, chandarua kinatosha. Katika wilaya hii ya Nchelenge, upande wa Zambia, ambako malaria imegoma kuondoka licha ya miaka ya kugawa vyandarua na kupuliza dawa ukutani, chandarua kilichogeuka wavu ni ugomvi usiokwisha kati ya wavuvi na watu wa afya. Lakini awe mbu au awe dagaa, hesabu haibadiliki: tundu sharti liwe dogo kuliko kile unachotaka kisipite.

Kuna wavu mmoja unaoivunja hesabu hiyo. Matundu yake ni makubwa kuliko windo lake mara mia na zaidi, na bado windo halipiti. Haukubuniwa kwa ajili ya ziwa bali kwa ajili ya moshi wa dizeli, na waliousanifu hawakuweza kuuchungulia ukiwa kazini, maana kazi yake hufanyika ndani ya mkebe wa chuma wenye joto la kuyeyusha risasi. Waliuona kwa hesabu, kwenye kompyuta. Huku mkoani Luapula wavu huo umeingia kimyakimya, ndani ya malori ya mitumba, na mara nyingi umeingia ukiwa umekwisha kutobolewa.

Dizeli yenyewe si ya zamani sana hapa. David Livingstone alipofika ukingoni mwa Mweru tarehe 8 Novemba 1867, na mwezi uleule kuingia kwa mfalme Mwata Kazembe, alimkuta huko Mohamed bin Saleh, mfanyabiashara aliyekuwa amezuiwa kuondoka kwa miaka mingi. Njia za misafara ya Waswahili zilikuwa zimekwisha kukanyagwa zikakanyagika. Pembe, shaba, nguo, shanga, vyote vilikwenda juu ya kichwa au bega la mtu, na moshi pekee wa safari ulikuwa wa moto wa kambini.

Injini ililetwa na samaki. Kabla ya vita vya pili vya dunia Wagiriki walikuwa wamekwisha kujikita Kasenga, upande wa Kongo wa Mto Luapula, wakinunua samaki wa mto na wa ziwa na kuwapeleka Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, walishwe wafanyakazi wa migodi ya shaba. Samaki aliyebeba biashara hiyo mgongoni alikuwa mpumbu, aliyepanda Luapula kwa makundi msimu wa mvua kwenda kutaga. Walimvua njiani, mayai yakiwa tumboni, mwaka hadi mwaka, mpaka makundi yale yakabaki simulizi. Baadaye ikaja nailoni, tundu likazidi kupungua, na wavuvi wakashuka ngazi ya samaki mmoja hadi mwingine mpaka wakafika kwa chisense, ambaye chini yake sijui tena kama kuna wa kuvuliwa.

Upande wa Zambia dizeli ilikuja na siasa. Novemba 11, 1965, Ian Smith alipotangaza uhuru wa walowezi wa Rhodesia, Zambia changa ilikuwa ikipata mafuta yake kupitia huko huko. Mapipa yakaanza kuletwa kwa ndege, na kwa malori kutoka Dar es Salaam kwenye barabara ya vumbi na tope ambayo madereva wake waliipa jina la jehanamu. Mwaka 1968 likakamilika bomba la Tazama, kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, na mwaka 1973 kiwanda cha Indeni kikaanza kuyasafisha hapo Ndola yale yaliyopita bombani. Kwa miaka karibu 50 aliyejaza tangi Mansa au Nchelenge alikuwa, kwa sehemu kubwa, akijaza kile ambacho Indeni iliweza kukitoa. Jambo hilo lina uzito mkubwa katika habari hii, nami nitalirudia.

Halafu malori makubwa yakaja ziwani kwenyewe. Mwaka 2002 kampuni ya Australia, Anvil Mining, ilifungua mgodi wa Dikulushi, upande wa Kongo, si mbali na mji wa Kilwa. Kilwa hii ni ya Mweru. Msomaji wa pwani asichanganye. Makinikia ya shaba na fedha yalipakiwa kwenye tishari bandarini Kilwa, yakavushwa hadi Nchelenge, yakapandishwa tena kwenye malori na kuanza safari ya kusini kupitia Mwansabombwe, Mwense na Mansa. Mji wa Nchelenge, uliokuwa umezoea pikapu za samaki na basi la jioni, ukaanza kuamshwa na injini za tani nyingi. Oktoba 2004 Kilwa ilipata msiba wake: waasi wachache waliuingia mji, jeshi la Kongo likaurudisha, na raia zaidi ya 70 wakauawa. Wengine waliokoka kwa kuvuka ziwa. Mwishoni mwa 2008 bei ya shaba ilipoporomoka mgodi ulisimama, ukaja kufunguliwa tena na wamiliki wengine. Lakini njia ya malori ilikuwa imekwisha kuzaliwa, na haikufa. Mwaka 2017 wakimbizi wa Kongo walipoanza kumiminika kituo cha Kenani, na mwaka uliofuata makazi ya Mantapala yalipofunguliwa ndani ya wilaya ya Nchelenge, chakula, mahema na mabomba ya maji vilikuja kwa malori. Kiswahili cha Katanga nacho, ambacho hakijawahi kukosekana katika soko la Kashikishi, kikapata kata nzima.

Pitisha kidole ndani ya mdomo wa ekzosi ya lori kuukuu. Unga mweusi unaotoka ni laini kuliko unga wa dona, laini kuliko poda. Ukiusugua hauhisi chembe. Hilo ndilo tatizo. Injini ya dizeli, tangu ile ya kwanza ya Rudolf Diesel iliyokubali kufanya kazi vizuri huko Augsburg mwaka 1897, haichanganyi mafuta na hewa mapema kama ya petroli. Inaminya hewa mpaka iwe moto, kisha inarushia mafuta ndani yake kama ukungu. Kila tone huungua kutoka nje kuelekea ndani, na pale hewa isipofika kwa wakati, kaboni hubaki bila kuungua, hushikamana, hutoka. Chembe nyingi za masizi hayo zina upana wa nanomita 100 hivi, yaani elfu kumi zikijipanga mstari ndiyo zinafika milimita moja. Pua haizizuii, koo halizizuii. Juni 2012, chombo cha utafiti wa saratani cha Shirika la Afya Duniani kiliuhamisha moshi wa dizeli kutoka orodha ya vitu vinavyoshukiwa na kuuweka orodha ya vile ambavyo ni hakika vinasababisha saratani. Ushahidi mzito ulitoka kwa wachimba migodi waliofanya kazi chini ya ardhi pamoja na mashine za dizeli.

Nikiri hapa kwamba kwa mama anayebanika samaki Kashikishi, moshi wa kuni naamini unamwingia kifuani kuliko wa lori lolote. Lakini moshi wa kuni hakuna aliyeukalia kikao cha kompyuta kwa miaka 40. Wa dizeli walikaa.

Walianza na kauri. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, katika mji wa Corning, jimbo la New York, Rodney Bagley, Irwin Lachman na Ronald Lewis walikuwa wakitafuta kitu cha kubebea dawa ya kusafisha moshi wa magari ya petroli. Bagley alitengeneza kitu kinachofanana na mashine ya tambi: udongo laini unasukumwa kwa nyuma kupitia vitundu, mbele unatokea kwenye mikato myembamba iliyopishana, na kinachotoka ni gogo lililojaa vijia vya mraba kama sega la nyuki. Lachman na Lewis walipata udongo wa kauri usiotanuka sana ukipashwa moto, hivyo haupasuki. Gogo hilo likaingia chini ya mamilioni ya magari.

Kisha, miaka hiyo ya 1970 ikielekea ukingoni, likaja wazo ambalo kila nikilifikiria naona wivu. Chukua sega lile lile. Ziba kijia kimoja kwa mbele, jirani yake mzibe kwa nyuma, na uendelee hivyo kama bao la drafti. Sasa moshi ukiingia unakuta njia imefungwa mwisho. Hauna budi kupenya ukutani na kutokea kwa jirani. Ukuta wenyewe hauzidi nusu ya milimita, na karibu nusu yake ni uwazi: vishimo vyenye upana wa mikromita 10 mpaka 20 vilivyounganika ovyo, kama ndani ya mkate.

Hapa ndipo hesabu ya wavuvi inapovunjika. Chembe ya masizi mbele ya kishimo hicho ni kama dagaa mbele ya mlango wa kanisa. Angeweza kupita bila hata kugusa. Asiyemwacha apite ni hewa yenyewe. Kitu kidogo kiasi hicho hakiendi moja kwa moja. Molekuli za hewa hukipiga huku na huku, kikayumba kama mlevi, na katika kuyumba hugusa ukuta. Kikigusa kinanasa, kwa maana kwa vitu vidogo hivyo kunata ni rahisi kuliko kuachia. Cha pili hunasa juu ya cha kwanza. Baada ya dakika chache ukuta umevaa koti la masizi, na kuanzia hapo koti hilo ndilo linalochuja, kauri ikiwa imelibeba tu. Samaki waliokwisha kunaswa wamekuwa wavu.

Wavu unaojifuma kwa windo lake huishia kuziba. Injini inayolazimika kusukuma moshi kwenye ukuta uliojaa inachoka, inakula mafuta, mwisho inakabwa. Dawa ni kuyachoma masizi hapo hapo yalipo. Lakini masizi makavu yanahitaji nyuzi joto 550 mpaka 600 za selsiasi ili yashike moto, na moshi wa lori kwenye safari ya kawaida haufiki hapo. Na yakishika, balaa lingine: gramu chache kwa kila lita ya kauri zikiwaka pamoja zinaweza kulipandisha gogo mpaka lipasuke au liyeyuke. Mwaka 1985 Mercedes-Benz iliuza California magari ya dizeli yenye vichujio vya kauri. Haikupita miaka mingi ikaviondoa.

Ubaya ni kwamba hakuna aliyeweza kuona ndani. Unaweza kuchomeka vipimajoto vichache, lakini kila waya unaoingiza unaziba kijia na kubadilisha kile unachotaka kukipima. Baada ya ajali unalipasua gogo na kukuta shimo la kauri iliyoyeyuka karibu na mgongo wake. Kwa nini mgongoni na si mbele? Jibu lilitoka kwenye karatasi.

Edward Bissett alikuwa mwanahesabu katika maabara za utafiti za General Motors. Mwaka 1984 alichapisha kielelezo cha hesabu ambacho karibu kila programu ya kusanifu vichujio tangu hapo ni mjukuu wake. Ujanja wake ulikuwa wa kupuuza. Gogo lina maelfu ya vijia. Yeye alichukua viwili tu, kimoja kilichofunguka mbele na jirani yake aliyefunguka nyuma, akadai kwamba wengine wote wanaishi maisha yaleyale. Kisha akaandika kinachojulikana: hewa haipotei, ikitoka kijia hiki imeingia kile, msukumo unapungua kadiri hewa inavyosugua kuta, joto linalozalishwa na masizi yanayoungua lazima liende mahali, ama lipashe ukuta ama libebwe na hewa. Kwa kupenya ukutani alitumia kanuni iliyozaliwa kwenye maji. Mwaka 1856 mhandisi Mfaransa Henry Darcy, aliyeletea mji wa Dijon maji ya bomba, alieleza jinsi maji yanavyopita kwenye mchanga: ukizidisha unene wa mchanga, msukumo unaohitajika unazidi kwa kipimo hicho hicho. Moshi ndani ya kauri unatii.

Hesabu za namna hiyo hazimaliziki kwa kalamu. Kompyuta hukikata kijia vipande vipande kwa urefu, na muda nao huukata, kisha inauliza kila kipande: joto lako ni ngapi sasa, masizi yamebaki kiasi gani, jirani yako amekupa nini? Inapiga hatua moja ya muda, inauliza tena. Katika hatua hizo moto ulionekana ukisafiri. Hewa inaingia ikiwa na joto, inaongezewa joto na masizi ya mbele, inakwenda nyuma ikiwa kali zaidi, na mgongoni joto linarundikana. Ikaonekana pia ni wakati gani wa hatari kuliko wote, na hakuna dereva ambaye angekisia. Si wakati wa kupanda mlima na mzigo. Ni pale masizi yameanza kuungua na dereva akaondoa mguu, labda amefika kizuizi cha polisi, lori limesimama na injini inanguruma pole pole. Moshi unapungua, kwa hiyo hakuna upepo wa kupoza. Na katika moshi huo mdogo oksijeni ni nyingi kuliko kawaida, kwa hiyo moto una chakula. Kauri inakufa lori likiwa limesimama kivulini.

Miaka mitano baadaye, 1989, Athanasios Konstandopoulos na John Johnson walichapisha kazi iliyoeleza kwa milinganyo mifupi mambo mawili ambayo msanifu yeyote anayauliza kwanza: kichujio kitaikaba injini kiasi gani, na kitakamata asilimia ngapi. Ukuta waliufanya kuwa mkusanyiko wa mipira midogo, kila mmoja ukivizia chembe zinazopita. Kazi hiyo ilitoka Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Michigan, katika mji mdogo wa Houghton, kwenye rasi inayoingia Ziwa Superior. Mtu wa Luapula angejisikia nyumbani kule, isipokuwa kwa theluji: ziwa mbele, shaba ardhini. Chuo kilianzishwa mwaka 1885 kama shule ya uchimbaji madini. Konstandopoulos baadaye alirudi Ugiriki na kujenga maabara Thessaloniki, mji ambao pamoja na kundi la Koltsakis na Stamatelos katika Chuo Kikuu cha Aristotle uligeuka mojawapo ya makao makuu ya hesabu hizi duniani. Wagiriki tena. Wale wa Kasenga walihesabu makreti ya samaki, hawa vishimo vya kauri.

Kutoka hapo mambo yalikwenda mbio, nami sitayafuata yote. Mwaka 2000 Peugeot 607 ilitoka na kichujio cha kabidi ya silikoni na dawa ya seriamu iliyochanganywa kwenye mafuta ili masizi yaungue kwa joto la chini zaidi. Kabidi ya silikoni inavumilia moto mkali lakini inatanuka, kwa hiyo gogo likaundwa kwa vipande vilivyogandishwa pamoja. Vipande viwe vikubwa kiasi gani, na gundi nene kiasi gani, kompyuta ndiyo iliyoeleza mpasuko ungeanzia wapi. Vijia vikiwa vyembamba unapata kuta nyingi za kuchujia, lakini hewa inasugua zaidi; vikiwa vipana, kinyume. Mahali pa katikati panapofaa hapakutafutwa kwa kuchoma magogo elfu moja tanuruni. Palipatikana kwa kubadilisha namba na kungoja. Wengine wakaacha hata ile mipira ya kubuni: huko Nagoya, Japani, Kazuhiro Yamamoto alichukua picha za eksirei za ukuta halisi, akaingiza kila kishimo kwenye kompyuta jinsi kilivyo, kisha akaitazama hewa ikipita. Kufikia 2007 malori mapya ya Marekani yalikuwa yakitoka kiwandani na kichujio. Ulaya kanuni ya Euro VI ilifunga mlango kwa malori mwishoni mwa 2013.

Na hesabu hizo haziishii kwa msanifu. Ndani ya kompyuta ya kila lori la namna hii kunaishi mtoto mdogo wa kielelezo cha Bissett. Anasoma tofauti ya msukumo mbele na nyuma ya gogo, anasoma joto, anakumbuka mafuta yaliyoungua tangu jana, na kutokana na hayo anakisia: sasa kuna masizi gramu kadhaa kwa lita. Yakifikia kiwango, anaagiza mafuta ya ziada ili moshi upate moto na gogo lijisafishe. Lori linajifikiria lenyewe kila sekunde.

Lakini kila kielelezo kina vitu ambavyo hakivikokotoi, kinapewa. Kilipewa barabara ambayo lori linakimbia saa nzima bila kusimama. Kilipewa oili isiyo na majivu mengi, kwa sababu majivu ya oili hayaungui kamwe na hukaa humo mpaka mtu afungue mkebe ayapulize. Zaidi ya yote kilipewa mafuta yasiyo na salfa. Platinamu iliyopakwa kwenye kauri, inayosaidia masizi kuungua kwa joto la chini hulewa salfa ikasahau kazi yake, na salfa yenyewe ikipita hapo inageuka chembe mpya. Kwa hiyo kabla ya kuwabana wenye malori, wakubwa waliwabana wenye mafuta: Marekani sehemu 15 za salfa kwa milioni tangu 2006, Ulaya 10 tangu 2009. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilifika 50 Januari 2015.

Zambia haikuwa kwenye mpango huo wa Januari 2015. Shirika la Uswisi, Public Eye, lilipochukua sampuli za mafuta vituoni katika nchi 8 za Afrika, Zambia ikiwemo, na kutoa ripoti Septemba 2016, zaidi ya theluthi mbili za dizeli iliyopimwa ilipita sehemu 1,500 kwa milioni. Hiyo ni mara mia ya kile ambacho msanifu wa lori la Kimarekani aliambiwa. Kwa haki, mambo yamesogea tangu hapo. Indeni ilisimamisha usafishaji, na mwaka 2023 bomba la Tazama, lililosukuma mafuta yasiyosafishwa tangu enzi za Kaunda na Nyerere, liligeuzwa kubeba dizeli iliyokwisha kusafishwa, yenye salfa ndogo. Bomba lilelile la vita vya Rhodesia ndilo lililoleta, kwa kuchelewa, mojawapo ya namba ambazo kielelezo kilizihitaji.

Malori hayakungoja. Ripoti ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa ya mwaka 2020 ilihesabu magari madogo milioni 14 ya mitumba yaliyouzwa nje na nchi tajiri kati ya 2015 na 2018, 4 katika kila 10 yakija Afrika. Malori yalifuata mkondo huohuo, zikiwemo Freightliner zenye pua ndefu zinazopendwa na wasafirishaji wa Zambia na Kongo. Taa ya kichujio inawaka kwenye dashibodi siku ya kwanza ya safari. Siku ya nne injini imejipunguzia nguvu yenyewe, kama ilivyofundishwa, na tajiri anapiga simu kuuliza mzigo uko wapi.

Fundi anajua cha kufanya, na mimi simlaumu. Analishusha lori kwenye shimo, anaukata mkebe kwa grainda upande wa juu, mahali ambapo mkaguzi hainami kutazama. Anachomeka nondo na kuanza kugonga. Kauri inatoka vipande vipande, vijivu, vyepesi kuliko unavyotarajia, na ukiinua kimoja kwenye jua unaona mraba mmoja mweusi, mmoja mweupe, mmoja mweusi, mmoja mweupe. Vyenye platinamu vina mnunuzi. Mkebe unachomelewa tena, mtupu. Inabaki kazi ya pili, nayo hufanywa na kijana mwingine mwenye kompyuta ya mapajani na waya: kumnyamazisha yule mtoto wa Bissett. Anamwandikia kwamba msukumo ni mzuri, joto ni zuri, masizi ni sifuri. Kielelezo kinaamini, maana hakina macho, kina namba tu. Lori linapata nguvu zake zote. Dereva anacheka, anawasha sigara.

Jua likikaribia kuchomoza Kashikishi, wavuvi wanarudi. Chisense inamwagwa juu ya mchanga kukauka, inang'aa kama vipande vya bati, na wanawake wanaitandaza kwa mikono wakizungumza Kibemba na Kiswahili katika sentensi moja. Magunia ya jana yamekwisha kupakiwa. Lori linawashwa; moshi wa kwanza ni mweusi, unatambaa chini juu ya samaki wabichi kabla upepo wa ziwa haujauinua. Likipita karibu unasikia chini ya tumbo lake mvumo ambao lori jipya halina, sauti ya mkebe mkubwa usio na kitu ndani. Mama mmoja anavuta kanga puani, anasubiri lipite, anaendelea kutandaza.